Bei Njoo Inboksi

Salha alisema: Mama, chupa haina miguu.
Siku hizi mteja hapiti Barabara ya Kumi na Tano,
mteja anapita kwa kidole gumba.
Nikamjibu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Akanitazama kama noti iliyokwisha kukataliwa benki.

Basi tukafungua ukurasa.
Jina likatupa taabu. Achari Tamu lina mwenyewe,
Achari Asilia lina mwenyewe, tena yuko Arusha.
Arusha! Wanajua nini kuhusu ndimu?
Tukaishia Achari ya Ngamiani 15,
kama namba ya gari la serikali.

Asubuhi nikaiweka chupa juu ya ukuta wa uani:
ndimu zilizokaa juani siku tisa,
pilipili mbuzi, bizari, mafuta yamepanda juu.
"Subiri, Mama, mwanga haujafika."
Miaka hamsini na mitatu naamka na mwanga huu,
sikujua kwamba huwa unachelewa.

Akapiga. Akakata pembeni. Akapamba kwa vimoyo.
Chini akaandika: Bei njoo inboksi.
Kwa nini tusiseme elfu nne, nikauliza,
elfu nne si tusi.
Ndivyo wanavyofanya, akasema.
Akina nani, hakusema.

Siku ya kwanza, moyo mmoja. Wa Salha.
Siku ya tatu, kumi na moja,
na mtu wa Dubai anayetaka kunikopesha.
Siku ya nne Bi Mwanate, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja,
anayenisikia hata nikipiga chafya,
akaja mlangoni: Kumbe unauza achari?
Nimekuona kwenye simu.

Juma la pili Salha yuko shuleni,
simu ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikawa inatembea,
ikafika ukingoni nikaidaka.
Watu mia moja na watatu, wote wanaandika.
Nikavaa miwani.

Hakuna aliyeuliza achari.
"Hilo shati la nyuma bei gani?"
"Saizi zipo?" "Mnatuma Kahama?"
"Achari sawa, ila shati, jamani, shati."

Nikaikuza picha kwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa.
Nyuma ya chupa, kwenye kamba,
shati la Hamdani. La kijani, mistari rangi ya samli,
kola pana.
Kila mwezi nalifua. Si kwamba lina uchafu.
Nalifua tu.

Vidole vyangu vina ndimu na kitunguu saumu,
kioo cha simu hakivitaki.
Nikaandika dakika ishirini,
herufi moja mara tatu:
HALIUZWI. LA MUME WANGU. ACHARI 4000.

Wakanyamaza.
Kisha mtu mmoja, picha yake ni cherehani,
akaandika kutoka Pangani:
"Shemeji, kola hiyo nimeikata mimi.
Alikuja na kitambaa kwapani, akakataa kukaa,
akasema nyumbani wamepika.
Tazama kifungo cha tatu, rangi yake mbali.
Vyenyewe viliniishia. Nikamwahidi, sikumpa.
Ni deni. Mimi Fundi Chausi.
Nitumie chupa mbili."

Nikatoka uani.
Cha tatu.
Miaka sita nalifua shati lile mjane,
na kumi na minne kabla ya hapo nikiwa mke,
sikuwahi kuvihesabu.

Chupa mbili nikazifunga kwa gazeti na kanga kuukuu,
nikampa konda wa basi la Pangani la saa nane,
nikamsisitiza: zisilazwe.
Salha aliporudi akasoma, akanuna.
Mama, umeweka bei hadharani!
Nimeiweka.

Jumamosi konda akaleta bahasha,
elfu nane imekunjwa mara nne
na ndani ya mkunjo, kifungo.
Kijani kilekile.

Sijakishona. Kipo ndani ya kifuniko, juu ya kabati.
Salha anataka kukipiga picha.
Namwambia subiri,
mwanga haujafika.